Carl Rogers: Mshauri Aliyefunga Mdomo Akafungua Masikio

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hebu jiulize: mwanafunzi mwenzako anapolala bwenini macho kodo, kakodolea dari hadi alfajiri, chakula hali na vitabu hagusi, ni nani aijuaye siri ya mtungi wake? Wengi wetu humwendea tukiwa na maneno tele mdomoni. Jikaze bwana! Soma, mtihani u mlangoni! Sahau hayo, mwachie Mola! Maneno mazuri hayo, na nia yetu ni njema. Lakini alitokea bwana mmoja huko Marekani aliyetumia maisha yake yote kuonyesha kwamba mwenye donda la moyo hatafuti kwanza mtu wa kumwambia, bali mtu wa kumsikiliza. Bwana huyo aliitwa Carl Ransom Rogers. Alikuwa mwalimu, akawa mtafiti, na tena mshauri wa watu waliolemewa na mawazo. Katika kurasa hizi chache nitasimulia maisha yake, kwa maana yana somo kwetu sisi wanafunzi, na pengine kwa walimu wetu wapenzi pia.

Rogers alizaliwa tarehe 8 Januari 1902 huko Oak Park, kitongoji cha jiji la Chicago, katika jimbo la Illinois. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Babake, Walter, alikuwa mhandisi wa ujenzi aliyejaliwa mali kiasi. Mamake, Julia, alikuwa mcha Mungu wa kweli kweli. Wazazi hao waliwapenda wana wao, lakini mapenzi yenyewe yalifungwa kwa kamba za sheria. Pombe marufuku, karata marufuku, dansi marufuku, na mambo ya michezo ya kuigiza usiseme! Carl alikua akiwa mtoto mwenye haya na marafiki wachache, na vitabu ndivyo vilivyokuwa wenzake. Alijua kusoma kabla hata ya kutia mguu shuleni, hivyo alipopelekwa huko akaanzia moja kwa moja darasa la pili.

Alipofikisha umri wa miaka 12, familia ilihamia shambani, mbali na jiji. Wazazi walitaka kuwaepusha watoto na vishawishi vya mjini. Wengi wangedhani kwamba huko shambani kijana angedumaa. La hasha! Carl alianza kuwachunguza nondo wa usiku, akawafuga na kuyaandika maisha yao hatua kwa hatua. Alilea kondoo na ndama. Isitoshe, alisoma kitabu kinene kuhusu ulishaji wa mifugo, na humo ndimo alimojifunza jinsi jaribio la sayansi linavyofanywa: kundi moja la ng'ombe lipewe lishe mpya, kundi jingine lisipewe, kisha yalinganishwe. Kumbukeni ng'ombe hawa, ndugu zangu. Tutakutana nao tena mbele, wakiwa wamegeuka binadamu.

Mwaka 1919 alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin kusomea kilimo. Baadaye alijihisi kuitwa kuwa mchungaji wa kanisa, akaacha kilimo akachukua historia. Mnamo 1922 alichaguliwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wachache wa Marekani waliotumwa mkutano wa wanafunzi Wakristo huko Peking, mji tunaouita Beijing leo. Safari hiyo ilichukua zaidi ya miezi sita. Kijana aliyekuwa hajui ila imani ya nyumbani kwao aliwakuta watu waaminifu na werevu waliofikiri tofauti naye kabisa. Tembea uone, walisema wazee wetu. Alirudi akiwa mtu anayefikiri kwa kichwa chake mwenyewe.

Mwaka 1924 alihitimu, na mwaka uo huo akamwoa Helen Elliott, msichana waliyefahamiana tangu utotoni. Walijaliwa watoto wawili, David na Natalie. Carl aliingia chuo cha theolojia jijini New York, lakini baada ya miaka miwili aliona kwamba hangeweza kufanya kazi inayomlazimu kuamini jambo fulani maisha yake yote hata kama fikira zake zingebadilika. Basi alivuka barabara tu, akaingia chuo cha walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, akasomea saikolojia, yaani elimu ya nafsi na akili. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1931.

Kabla hata ya kuipata shahada hiyo, mwaka 1928, alikuwa amekwisha kuajiriwa katika mji wa Rochester, jimbo la New York, na shirika la kuwalinda watoto dhidi ya ukatili. Mshahara wake ulikuwa dola 2,900 kwa mwaka, na hata wakati huo hazikuwa pesa za kujivunia. Kazi yake ilikuwa kuwashughulikia watoto watundu, wezi, watoro na walioteswa, waliopelekwa pale na mahakama au mashirika ya misaada. Alidumu huko miaka 12, na ndiko alikopikwa akaiva.

Mwanzoni Rogers alifanya walivyofanya wataalamu wote wa siku zile. Mtaalamu ndiye ajuaye. Anauliza maswali, anachimba, anagundua kiini cha tatizo, kisha anamfunulia mgonjwa. Siku moja aliletewa mvulana mwenye tabia ya kuchoma vitu moto. Rogers alikuwa amesoma kazi za bingwa mmoja aliyeheshimika sana, aliyefundisha kwamba makosa ya vijana mara nyingi hutokana na mvutano wa siri wa tamaa za mwili. Akamhoji kijana siku baada ya siku mpaka akaupata mvutano wenyewe, akamweleza. Wacha afurahi! Kesi imekwisha. Kijana akaachiliwa, na haukupita muda akarudia mambo yale yale. Rogers alipigwa na butwaa. Kumbe hata bingwa anaweza kukosea, na kumbe kuna elimu ambayo bado haijaandikwa popote.

Hata hivyo, somo kubwa zaidi alilipata kwa mama mmoja. Mama huyo alikuwa na mwana mtukutu ajabu. Rogers alikuwa ameshalijua tatizo: mama alikuwa amemkataa moyoni mwanawe tangu utotoni. Mahojiano baada ya mahojiano, alijaribu kwa upole kumwonyesha mama huyo jambo hilo. Wapi! Ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Mwishowe Rogers alikubali kwamba wote wawili walikuwa wamejaribu na wameshindwa, na kwamba afadhali waachane kwa heri. Mama akakubali. Wakapeana mikono, mama akaelekea mlangoni. Alipofika pale, akageuka na kuuliza kama katika kituo kile huwa wanawashauri watu wazima pia.

Rogers alipomjibu kwamba ndiyo, mama alirudi kitini akaanza kumwaga yaliyomjaa moyoni: ndoa yake iliyokuwa ikivunjika, uchungu wake, na hali yake ya kujiona ameshindwa maishani. Hayakufanana hata chembe na yale yaliyokuwa kwenye faili. Safari hii Rogers hakufundisha wala hakuchimba. Alisikiliza tu. Na hapo ndipo tiba ilipoanza, na mwishowe si mama peke yake aliyepata nafuu, bali hata yule mwana mtukutu. Tangu siku hiyo Rogers alianza kuamini kwamba mwenye maumivu ndiye ajuaye panapouma, njia ya kupita na lililozikwa ndani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1940 aliitwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Tarehe 11 Desemba mwaka huo alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Minnesota akiyaeleza mawazo yake mapya, na mwenyewe aliihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa njia yake ya ushauri. Baadhi ya waliomsikia walimsifu, wengine walimshambulia. Mwaka 1942 alichapisha kitabu kuhusu ushauri na tiba ya nafsi. Humo alimwita anayeshauriwa mteja badala ya mgonjwa. Usilichukulie jambo hilo kuwa dogo, msomaji. Mgonjwa hulala akatibiwa, lakini mteja huja kwa miguu yake na akili zake timamu kutafuta anachokitaka.

Katika kitabu hicho hicho Rogers alifanya jambo lililowashangaza wengi. Kabla yake, yaliyotendeka katika chumba cha ushauri yalikuwa siri ya mshauri na kumbukumbu zake. Atasimulia apendavyo, na nani atambishia? Rogers na wanafunzi wake walinasa mazungumzo kwenye santuri, kwa ruhusa ya wateja. Kazi yenyewe ilikuwa jasho jembamba, kwani upande mmoja wa santuri ulijaa kwa dakika chache tu, na ilibidi kubadilisha mara kwa mara. Kisha alichapisha mazungumzo yote ya mteja mmoja, tangu mkutano wa kwanza hadi wa nane, neno kwa neno, jina la mteja likiwa limebadilishwa. Kwa mara ya kwanza mtu yeyote aliweza kusoma na kuamua mwenyewe ni wapi mshauri alisaidia, na ni wapi aliharibu. Huo ulikuwa ujasiri. Ni wangapi kati yetu tungekubali makosa yetu ya kazi yanakiliwe kitabuni?

Kuanzia 1945 alikuwa Chuo Kikuu cha Chicago, ambako alianzisha kituo cha ushauri. Huko mambo matatu yalikwenda pamoja: alifundisha, alitafiti, na aliendelea kuketi na wateja. Na sasa, ndugu msomaji, wale ng'ombe wa shambani wanarejea. Rogers na wenzake walitaka kujua kama ushauri unasaidia kweli, ama ni muda tu unaoponya. Basi waliwapima watu kabla na baada ya ushauri, na wakawalinganisha na wengine wasioshauriwa. Baadhi ya wateja waliombwa kusubiri siku 60 kwanza, ili ionekane kama wangebadilika wenyewe. Kila mmoja alipewa kadi 100 zenye maelezo ya tabia, akazipanga mara mbili: jinsi anavyojiona alivyo, na jinsi ambavyo angependa kuwa. Kabla ya ushauri, mtu aliyekuwepo na mtu aliyetamaniwa walikuwa kama mashariki na magharibi. Baada ya ushauri, wawili hao walisogeleana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na mwaka 1956 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilimpa Rogers tuzo ya mchango wa kisayansi, akiwa miongoni mwa watatu wa kwanza kabisa kuipokea. Alikuwa amekwisha kuwa rais wa chama hicho hicho miaka ya arubaini.

Aligundua nini hasa? Mwaka 1957 aliyaandika kwa ufupi. Kwanza, mshauri awe mkweli, asivae barakoa ya ukubwa. Pili, amkubali mtu alivyo, bila masharti. Tatu, ajaribu kuuona ulimwengu kwa macho ya yule aliye mbele yake, na yule mtu atambue hivyo. Rogers aliamini kwamba mambo haya yakiwepo kwa muda wa kutosha, mtu hubadilika, kwa maana ndani ya kila kiumbe mna nguvu ya kukua, kama ile ya mbegu inayotafuta mwanga hata ikiwa gizani.

Lakini usidhani kwamba njia ilikuwa nyororo. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na Rogers aliyaonja hayo. Karibu na mwaka 1949 alikuwa akimshauri mteja aliyekuwa na hali mbaya sana ya akili. Alijitosa mno katika kumsaidia hata akashindwa kujitenga naye, mpaka akahisi yeye mwenyewe anakaribia kurukwa na akili. Siku moja alimkabidhi mteja huyo kwa daktari mwingine, na kabla ya saa moja kwisha alikuwa ameondoka Chicago pamoja na Helen. Walikaa mbali miezi miwili au mitatu. Aliporudi hakujifanya shujaa. Aliketi upande wa pili wa kiti, akashauriwa na mmoja wa vijana aliokuwa amewafunza mwenyewe! Mwalimu mbele ya mwanafunzi wake, akieleza hofu zake. Baadaye aliyasimulia hayo hadharani bila haya. Hapa ndipo mimi binafsi ninapomvulia kofia.

Mwaka 1957 alihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, akajaribu njia yake kwa wagonjwa wa skizofrenia waliolazwa hospitalini. Huko mambo yalikwenda mrama. Wenzake walizozana, baadhi ya data za utafiti zikatoweka, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1967 hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Kwa jumla, waliopewa njia hiyo hawakuwapita wengine kwa kiasi kilichotarajiwa, ingawa pale ambapo mgonjwa alieleweka kwa kina, dalili za nafuu zilionekana. Tusifiche ukweli: kusikiliza si dawa ya kila ugonjwa. Kuna maradhi ya akili yanayohitaji daktari na dawa, kama vile malaria inavyohitaji.

Katika ualimu pia Rogers alizua gumzo. Mwaka 1952 alialikwa kwenye mkutano wa walimu huko Harvard. Aliposimama alisema, kwa muhtasari, kwamba lolote awezalo kumfundisha mtu mwingine halina uzito mkubwa, na kwamba elimu inayobadilisha maisha ni ile ambayo mtu hujitafutia na kujigundulia. Loo! Ukumbi ulichemka kama chungu cha maharagwe. Walimu wetu msinikasirikie, mimi nasimulia tu! Lakini hakuwa akiwabeza walimu. Alitaka mwalimu awe msaidizi wa safari, wala si mwenye kuwabeba wasafiri mgongoni. Mawazo hayo aliyapanua katika kitabu cha 1969 kuhusu uhuru wa kujifunza. Kitabu chake cha 1961, On Becoming a Person, kilikuwa kimekwisha kumfikisha kwa wasomaji wengi wasiokuwa wanasaikolojia.

Mapema miaka ya sitini alihamia California, na mwaka 1968 yeye na wenzake walianzisha kituo cha kumchunguza binadamu huko La Jolla. Sasa alitoka katika chumba cha watu wawili akaingia katika makundi. Aliwakalisha pamoja Wakatoliki na Waprotestanti wa Ireland Kaskazini waliokuwa wakiuana. Mwaka 1979 mkewe Helen alifariki, lakini mzee hakukaa kitako. Mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 80, alifika katika bara letu, huko Afrika Kusini, akawaketisha weusi na weupe wasikilizane wakati ubaguzi wa rangi ungali sheria ya nchi. Mwaka 1986 alikuwa Muungano wa Kisovieti. Je, alikomesha ubaguzi? Hapana. Lakini alionyesha kwamba hata maadui wakisikizana kwa dhati, angalau wanaanza kuonana kuwa watu.

Mapema 1987 alianguka akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, lakini moyo ukamsaliti, na tarehe 4 Februari 1987 akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 85. Mwaka huo jina lake lilikuwa limependekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Basi sisi hapa Kenya yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwaka 2001 kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu, na mzigo mkubwa ukaangukia idara za ushauri nasaha. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia, ikaitambua kazi hii kuwa taaluma. Lakini lizingatieni jina lenyewe, wapenzi wa Kiswahili: ushauri, na tena nasaha! Maneno mawili, yote ya kusema. Hakuna hata moja la kusikiza. Ndiyo maana wengi wetu hudhani kwamba chumba kile ni cha kuhutubiwa, tukakikwepa kama kituo cha polisi. Tunafunzwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Ila Rogers angetuuliza: na la mdogo je, nani alisikie?

Simaanishi tuache kuwatii wazee, hasha. Nasaha za wazazi na walimu ni hazina. Ninachosema ni kwamba nasaha ni kama mvua, na ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama jiwe haiinywi. Mtu akishasikilizwa, ardhi yake hulainika, na hapo hata neno moja la busara huota. Kwa hiyo, mwenzako akikujia na uso umemkunjamana, usikimbilie kumwambia la kufanya. Keti. Nyamaza kidogo. Mwulize, kisha ungoje jibu kweli kweli. Ukiona mzigo unazidi kimo chako, msindikize hadi kwa mwalimu wa ushauri, na wala usiyatangaze bwenini uliyoambiwa. Nawe uliye na donda moyoni, kumbuka kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Kama profesa mzima aliketi mbele ya mwanafunzi wake akasema mambo yamenizidi, wewe waona haya ya nini?

Wino wanikatikia, na nafasi niliyopewa na mhariri imejaa. Nawatakia wanachama wote wa chama chetu cha Kiswahili, na shule nzima kwa jumla, mwaka wa heri, wa kusema vizuri na kusikiliza vizuri zaidi. Wasalaam.